Samaki Kabla ya Chakula cha Mchana

Ilianza Ijumaa, tarehe nane Agosti, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Guka, babu yangu, alipogonga dirisha langu kwa ncha ya fimbo yake ya kuvulia. Hakugonga mlango kwa sababu mlango wangu unatazamana na chumba alicholala Tata, na hakutaka Tata aamke. Aligonga kidogo kidogo kama kuku anayedonoa bati. Nilipovuta pazia nikamwona amesimama kwenye ukungu, kofia yake ya sufu ameishusha mpaka kwenye nyusi.

"Umeamka ama bado?" akauliza.

Hilo ni swali gani? Mtu aliyelala havuti pazia.

"Guka, ni mapema sana," nikanong'ona. "Hata samaki wamelala."

"Samaki hawalali. Wewe ndio unalala. Vaa gambuti."

Kilichoniudhi ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha vingine. Alifanya kazi miaka mingi kwenye kambi ya wavuvi huko juu karibu na msitu, akiwapeleka wageni mtoni, na kila siku anasema kwamba mwezi wa saba na wa nane, kwenye hii baridi yetu, hakuna maana ya kushuka mtoni kabla jua halijatoboa ukungu. Trauti, samaki wa mto wetu, anakula wadudu wanaoelea juu ya maji, na wadudu hao hawatoki mpaka maji yapate joto kidogo, karibu na adhuhuri. Sisi tunamvua kwa nzi wa bandia, yaani ndoano ndogo iliyofungwa manyoya ya shingo ya jogoo ili ifanane na mdudu. Kama wadudu wa kweli hawajaamka, samaki hawezi kumwamini wa uongo. Haya yote nimeyasikia kwake.

Lakini asubuhi ile Guka hakuwa anakimbilia samaki. Alikuwa anamtoroka Tata kabla hajamvalisha sweta tatu.

Tata ni dada mkubwa wa mama. Anaishi Kagio, ananunua na kuuza nyanya na vitunguu, na huko ni joto mpaka watu wanalala dirisha wazi. Alikuwa amekuja Alhamisi na pikapu yake kumchukua Guka. Tangu Juni kifua cha Guka kimekuwa kibaya. Tata alimpeleka hospitali Kerugoya, daktari akasema kifua hicho hakitaki baridi, na kwa Tata neno la daktari likishatoka limetoka. Hakuja kumchukua kwa wiki moja. Alikuja kumchukua kabisa. Alikuwa ameshamtolea chumba na kununua godoro.

"Mimi si mgonjwa," Guka akamwambia jioni hiyo, sisi wote tukiwa mezani. "Mgonjwa anaweza kushuka mpaka mto Thego na kupanda tena?"

"Huwezi."

"Naweza."

"Basi shuka kesho uniletee samaki kabla ya chakula ya mchana," Tata akasema. "Na usikohoe. Ukileta samaki na hujakohoa, narudi Kagio peke yangu na sitasema kitu tena."

"Sawa."

Nilimwangalia Guka nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Tata alifikiri samaki huletwa kama sukuma wiki, unashuka shambani, unachuma, unapanda. Hana kosa. Alikulia kwenye nyumba hii ambayo samaki hajawahi kuvuka mlango wa jikoni. Cucu, mke wa Guka, Mungu ampumzishe, alisema samaki na nyoka ni ndugu wa tumbo moja, na mpaka leo Guka anakaanga wake nyuma ya zizi la ng'ombe kwa kikaango chake mwenyewe, ingawa Cucu hayupo tena wa kumkataza. Mimi tu ndiye ninayekula naye. Lakini Guka anajua kabisa kwamba mtu anaweza kusimama mtoni siku nzima arudi na soksi zilizolowa tu. Alikubali kwa sababu aliona haya kumweleza binti yake. Mmoja hajui, mwingine hataki kusema, na anayeamshwa kwenye baridi ni mimi.

"Na nani atajua kama amekohoa?" mama akauliza. Hilo ndilo jambo pekee alilosema jioni ile. Mama ni mdogo kwa Tata, kwa hivyo mambo yakiwa makubwa yeye humimina chai.

Wakaniangalia wote.

"Huyu ataenda naye," Tata akasema. "Huyu hawezi kudanganya. Hata kuongea haongei."

Watu husema hivyo kama wananisifu. Mimi niko kidato cha tatu, na darasani jibu ninalo, ila kabla mkono wangu haujafika juu mtu mwingine ameshalisema. Nyumbani ni vibaya zaidi. Nikiulizwa kitu nikanyamaza, kila mtu ananichagulia jibu. Mama husema nimekubali. Tata husema nimekataa. Guka husema, "Mwache, anafikiria," halafu anaendelea na lile alilotaka tangu mwanzo.

Kwa hivyo nikavaa gambuti.

Njia ya kwenda mtoni inapita katikati ya majani chai ya majirani, na asubuhi kama ile kila jani lina kikombe chake cha maji linalokungojea upite likumwagie. Nilibeba wavu, chupa ya chai, kiboksi cha nzi, na mfuko wenye mkate. Guka alibeba fimbo. Tulipofika kwenye ua wa mwisho akavua skafu ambayo Tata alimwapisha usiku aivae, akaitundika kwenye mti wa ua.

"Tutaichukua tukirudi."

"Guka, vaa skafu."

"Skafu inazuia mkono."

"Skafu iko kwenye shingo!"

"Na shingo imeshikana na nini? Si ni mkono?"

Nikaivaa mimi. Mtu hawezi kushindana na mtu kama huyo halafu awe na nguvu za kuvua.

Mto ulikuwa mdogo na maji meupe, unaona kila jiwe, jambo ambalo ni zuri kwenye picha na baya kwa mvuvi, maana samaki naye anakuona wewe. Maji ya Thego yanatoka moja kwa moja mlimani. Ukiingiza mguu, hata ukiwa na gambuti, mfupa unajua. Guka akasimama kando, akarusha uzi nyuma, mbele, nyuma, mbele, vizuri kabisa, nami nikaanza kutulia kidogo. Mrusho wa tatu ukanasa kwenye kichaka cha ng'ambo.

"Nenda uitoe," akasema.

Nikavuka, maji yakaingia kwenye gambuti ya kushoto. Nikaitoa. Akarusha tena, akanasa tena, safari hii uzi ukakatika na nzi akabaki kwenye kichaka. Yule nzi nilimfunga mwenyewe jioni mbili mfululizo, na jogoo aliyetoa manyoya yale bado ananitazama kwa chuki.

Kufunga nzi mwingine kulihitaji vidole, na vidole vya Guka vilikuwa vimekufa ganzi. Vyangu pia, lakini nikaufunga mimi. Akaniinamia begani.

"Sio hivyo."

"Ni hivyo, Guka."

"Pitisha tena. Sasa weka mate. Weka mate kwenye fundo kabla hujavuta! Fundo kavu linakatika."

"Ninajua."

"Kama unajua mbona huweki mate?"

Mdomo wangu ulikuwa umekauka kwa hasira, hiyo ndiyo sababu.

Hapo ndipo wakapita akina mama wawili na vikapu vyao vya majani chai mgongoni. Wakasimama. Watu wa kwetu hawawezi kupita mtu anayevua bila kusimama. Ukichimba viazi hakuna atakayekuuliza unafanya nini, lakini shika ile fimbo tu na kila mtu ana maoni.

"Guka, mumeshika ngapi?"

"Bado tunawasalimia," Guka akajibu.

"Ati na nzi? Si muwawekee minyoo wakule washibe?"

"Minyoo ni ya watu wavivu. Na hapa imekatazwa."

"Imekatazwa na nani? Na samaki?"

Wakacheka mpaka vikapu vikatingishika. Yule mnene akanigeukia mimi. "Na wewe msichana, kwani unakulanga hiyo nyoka?"

Nikaangalia maji.

"Huyu haongei?"

"Anaongea na samaki," Guka akasema.

Walicheka tena, na walipoondoka niliwasikia wakirudia maneno hayo njia yote mpaka kwenye kona, "Anaongea na samaki! Wee!" Nilimwambia Guka kwa sauti ya chini kwamba si vizuri kunifanyia hivyo mbele ya watu. Akasema, "Sauti yako ni ndogo, siwezi kusikia na huu mto."

Simu ikalia. Tata alikuwa ameamka.

"Mko wapi? Mmetoka bila chai?"

"Tuna chai, Tata."

"Amekohoa?"

"Bado."

"Amevaa skafu?"

Nikajitazama kifuani. "Skafu imevaliwa, Tata."

"Vizuri," akasema, akakata. Alipiga tena baada ya muda mfupi. Akapiga tena. Kila simu ikilia Guka ananitupia jicho, na kila jicho likinifikia ananasa kwenye kichaka. Mpaka tunakunywa chai tulikuwa tumeshawapa vichaka vya ng'ambo nzi wa kutosha kulisha mto mzima.

Ni baada ya hiyo chai ndipo aliposema anaenda haja, akaingia nyuma ya mianzi.

Nikamsikia. Alijaribu kukohoa kwa mdomo uliofungwa, halafu ikamshinda. Kikohozi kilitoka kirefu, na mwisho wake kulikuwa na filimbi nyembamba, ile ile ya Juni. Juni ni mimi niliyemkuta asubuhi moja amekaa kitandani, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akitaka kuniambia nimwitie mama na hawezi kumaliza neno. Tangu siku hiyo naijua filimbi hiyo kuliko kengele ya shule.

Akarudi akifunga mshipi wa suruali, macho yamejaa maji.

"Guka, umekohoa."

"Ni mto."

"Mto haukohoi."

"Huu unakohoa. Unatoka kwenye barafu, huu. Hata wewe ungekohoa."

Niliwakasirikia wote wawili sana pale. Tata, kwa sababu anadhani akimweka mtu kwenye joto amemaliza kazi. Guka hamjui mtu Kagio. Atakaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya kreti za nyanya akisikiliza madalali wakigombana, na mto pekee atakaouona kule ni mifereji ya kumwagilia mchele. Na yeye Guka, kwa sababu anadhani akijificha kwangu amekificha kifua. Mimi nikisema amekohoa, anaondoka kabisa. Nisiposema, anabaki na hii baridi, na siku nyingine ile filimbi itaanza na labda sitakuwa nyumbani, nitakuwa shule. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kuushika huo uzi. Walinipa tu, kama wavu na mfuko wa mkate.

Nikatamani tusipate samaki. Hapo jambo lingejimaliza lenyewe.

Karibu na adhuhuri jua likatoka, dhaifu, kama tochi iliyoisha betri, na ukungu ukainuka juu ya maji. Wadudu wa kwanza wakaanza kupanda, wadogo wa rangi ya majivu. Kwenye kidimbwi kilichokuwa mbele ya jiwe kubwa maji yakafanya duara. Halafu duara lingine.

Guka akanyamaza. Nikisema akanyamaza simaanishi hakuongea tu. Mwili wake wote ulinyamaza, mabega yakashuka, akawa mtu mwingine ambaye sijamwona mwaka mzima. Akanionyesha kwa kidole kimoja nisisogee. Akaingia majini taratibu, akarusha uzi mara moja tu, bila haraka, na nzi akatua juu ya lile duara taratibu mpaka mimi mwenyewe ningeapa ni mdudu aliyechoka kuruka.

Samaki akamchukua.

Fimbo ikapinda. "Wavu!" Guka akasema. "Wavu! Uko wapi na wavu?"

Nilikuwa karibu yake na wavu mkononi. Uzi ulikata maji kushoto, ukakata kulia, samaki akaruka mara moja akaonyesha ubavu wake wa waridi, na Guka akacheka kwa sauti. Hicho kicheko ndicho kilichoamsha kifua. Nikaona mabega yake yakipanda, nikaona anavyojaribu kukimeza, shingo imekaza, uso umegeuka rangi. Kisha kikohozi kikatoka na hakikutaka kuisha. Akapiga magoti majini. Fimbo hakuiachilia, aliinyoosha juu ya kichwa chake kwa mkono mmoja, huku anakohoa na maji yanampita kiunoni.

Nikatupa wavu ukingoni, nikamshika chini ya makwapa.

"Samaki," akasema katikati ya kikohozi.

"Achana na samaki!"

"Sa... maki..."

"Guka, achana na samaki!"

Sijawahi kumpigia mtu mzima kelele. Nilimvuta kinyumenyume mpaka kwenye nyasi, gambuti zangu zote mbili zimejaa, nikampiga mgongo kama nilivyomwona nesi akifanya. Ilichukua muda. Filimbi ikapungua, ikarudi, ikapungua tena. Alipoweza kuinua kichwa akanionyesha kwa kidevu. Uzi ulikuwa bado umekaza. Samaki alikuwa hajaondoka. Amechoka tu, amelala upande kwenye maji madogo, anapumua kwa shida kama yeye.

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nilivuta uzi kwa mkono, nikamchota na wavu, na nilipomwona amejaa madoa, mnono, mzuri kuliko wote tuliowapata mwaka huu, nilitaka kumrudisha majini. Nilijua kabisa kile alichokileta. Sasa Guka ameshinda. Kilichobaki ni mimi nifunge mdomo, na mdomo wangu kila mtu anajua umefungwa.

Guka naye alijua. Alikaa pale kwenye nyasi akipumua, suruali inachuruzika, akamtazama samaki kwa muda.

"Umeona samaki?" akaniuliza.

"Nimemwona."

"Basi hayo ndio umeona." Akakubali nimshike mkono asimame. "Wewe huwa huongei. Usianze leo."

Tulipanda polepole. Kila baada ya hatua chache alisimama kuangalia majani chai ya jirani. Hajawahi kuyapenda hivyo. Mara aguse jani, mara aseme huyu jirani anachuma vibaya, na wakati huo wote anatafuta pumzi. Simu ikalia mfukoni, nikaiacha ilie.

Mama alikuwa amefunga kibanda chake cha nafaka kule Gatitu siku hiyo kwa ajili ya mgeni, wakawa yeye na Tata nje wakichambua maharagwe. Sufuria ilikuwa bado motoni. Guka akavuka uwanja akiwa amenyooka kama askari, akamtoa samaki kwenye mfuko wa mkate, akamwinua kwa matamvua mbele ya uso wa Tata.

"Haiya!" Tata akaruka, maharagwe yakamwagika. "Ondoa hiyo kitu! Inaniangalia!"

"Samaki," Guka akasema. "Kabla ya chakula."

"Na hiyo suruali?"

"Nimeteleza."

Tata akamtazama, akamtazama samaki, akarudi nyuma hatua nyingine. Ana ukali mwingi, lakini neno lake ni neno. Niliona uso wake ukianza kukubali. "Sawa," akasema polepole. Kisha akanigeukia mimi, nadhani kwa utaratibu tu. "Na hakukohoa?"

Nikasimama kwa mguu mmoja, ule mwingine ukichuruzika.

"Amenyamaza," mama akasema. "Basi ni sawa."

"Sawa gani?" Tata akauliza. "Mimi naona amekataa. Angalia uso."

"Uso wake huwa hivyo," Guka akasema. "Mwache, anafikiria. Hakuna kukohoa, tumemaliza, leteni kisu."

"Usimjibie," Tata akasema. "Yeye akisimama hivyo na mguu mmoja ni kama kuna kitu."

"Mguu ni gambuti imejaa maji," mama akasema. "Si unaona anachuruzika? Kwenda ubadilishe, mwanangu."

Wakaendelea hivyo, watu watatu wazima, wakisoma uso wangu na mguu wangu na gambuti yangu, wakibishana nilichosema nami sijasema, na mimi nimesimama katikati yao. Sijui ni nini kilipasuka. Nadhani ni baridi tu, na uchovu, na nzi wangu wote waliobaki ng'ambo.

"Amekohoa!" nikasema. Ilitoka kwa sauti kubwa mpaka ng'ombe akageuka. "Amekohoa nyuma ya mianzi, akakohoa tena na samaki kwenye uzi, mpaka akapiga magoti kwenye maji. Nimemvuta mimi. Na ile filimbi iko, ile ya Juni. Na anasema ni mto!"

"Wewe..." Guka akaanza.

"Sijamaliza, Guka." Nikamgeukia Tata. "Na wewe Tata, samaki si sukuma. Hakuna mtu anatumwa samaki kabla ya chakula. Ulimtuma asimame kwenye maji ya barafu aonyeshe hana kifua kibaya! Mimi ningekuwa daktari ningewagombeza nyote. Aende Kagio, sawa. Lakini si kabisa. Aende mpaka baridi iishe. Mwezi wa kumi mumrudishe."

"Na nani amekuuliza mambo ya mwezi wa kumi?" Tata akasema.

"Wewe. Umeniuliza nimeona nini. Hayo ndiyo nimeona."

Mama alikuwa ameshika kiganja cha maharagwe na hajui akiweke wapi. Tata aliniangalia kutoka kwenye skafu mpaka kwenye gambuti.

"Haiya," akasema mwishowe. "Kumbe kuna mtu huko ndani."

Hakuna aliyecheka. Guka aligeuka na samaki wake, akaenda nyuma ya zizi. Kwa kawaida ananiita mafuta yanapoanza kulia kwenye kikaango, nakula upande wa mkia na yeye upande wa kichwa. Siku hiyo niliyasikia mafuta, nikasikia harufu, nikasikia kikaango kikikwanguliwa. Hakuniita. Tata alinijia nilipokuwa nakausha miguu, akasema mwezi wa kumi ni sawa, kama daktari atakubali, na mradi ni mimi nitakayeenda kumuuliza huyo daktari kwa mdomo wangu. Nikasema nitamuuliza. Jioni nikampelekea Guka nguo zake zilizopigwa pasi ili afunge mzigo. Akasema, "Weka hapo," bila kuniangalia. Nilitaka kumwambia kwamba nilimpatia miezi miwili badala ya kabisa, kwamba hesabu hiyo hata yeye anaiweza. Sikusema. Maneno yangu ya mwaka yalikuwa yameisha mchana.

Asubuhi iliyofuata Tata alipakia pikapu mapema. Viazi na kabichi za huku ni rahisi, hawezi kurudi Kagio gari tupu, hata kama amekuja kumchukua baba yake. Guka alikuwa tayari amekaa mbele, kofia kwenye nyusi, anaangalia kioo mbele yake kama kuna kitu kimeandikwa. Mama akamuuliza Tata nani atakuwa na mzee mchana, kwa sababu Tata huingia sokoni kabla ya jua na kutoka jioni.

"Kuna redio," Tata akasema.

Nikarudi ndani. Nikatia kwenye mkoba wa shule nguo mbili, mswaki, na vitabu vya marudio vya likizo, nikatoka, nikautupa juu ya magunia na kupanda nyuma.

"Na wewe?" mama akasema. "Unaenda wapi?"

"Kagio."

"Nani amekutuma?"

"Sijatumwa. Shule ikifunguliwa nitarudi."

Tata alitoa kichwa dirishani, akaniangalia, akasema petroli haijui huruma, akawasha gari. Upepo wa huko nyuma ulikuwa mbaya kuliko mto. Nilijikunja kati ya kabichi mpaka Karatina, ambapo Tata alisimama kununua ndizi. Nikashuka, nikazunguka, nikafungua mlango wa mbele. Guka akanitazama. Pua yangu ilikuwa inatiririka na nywele zimesimama.

"Guka, songa," nikamwambia.

Akasonga.

"Unanuka kabichi," akasema, na mimi nikavuta mlango nikaufunga.